Mjomba wangu alikuwa Newark siku ya Septemba 11. Je, anatudanganya?

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Tanga. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliishi Marekani miaka mingi, na mwaka 2001 alikuwa mpakiaji mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey. Sasa amerudi nyumbani, na kila ikifika Septemba hutusimulia ya siku ile. Husema mambo matatu. Kwamba aliiona mubashara kwenye runinga ya chumba chao cha mapumziko ndege ya kwanza ikilivaa jengo. Kwamba saa tatu asubuhi waliambiwa hakuna ndege kuruka. Na kwamba aliisindikiza kwa macho ile United 93, mojawapo ya ndege nne zilizotekwa siku ile, ikiondoka, moyo wake ukimwambia kuna jambo. Mwaka jana mdogo wangu, anayesoma chuo, alitoa simu mbele ya wageni akamwonyesha kuwa amri ya ndege ilitoka saa 3:45, na kwamba hakuna runinga iliyoonyesha ndege ya kwanza. Akamwambia katunga. Mjomba hakujibu, na tangu siku hiyo hasimulii tena. Wewe uliyeongoza ndege, nani mkweli kati yao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la saa, maana ndilo lililomfedhehesha mjomba wako, na ndilo mdogo wako alilolisoma nusunusu.

Jumanne ile haikuwa na amri moja. Amri zilikuja ngazi kwa ngazi, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Ndege ya kwanza, American 11, iligonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center saa 2:46 asubuhi, saa za New York. Ya pili, United 175, iligonga mnara wa kusini saa 3:03. Dakika mbili tu baadaye, saa 3:05, kituo cha New York cha kuongozea ndege zilizo safarini kilitangaza hali ambayo waongoza ndege wa Marekani huiita "sifuri". Maana yake anga yote ya kituo hicho imefungwa: ndege isiondoke, isiingie, wala isipite. Newark imo ndani ya eneo hilo. Ilipokaribia saa tatu na nusu, kituo kikuu cha uratibu, wakati huo kikiwa Herndon, Virginia, kikazuia ndege kuruka nchi nzima. Kisha zikaja habari kwamba Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi, nayo imegongwa saa 3:37, na hapo ndipo, baina ya saa 3:42 na 3:45, mkuu wa zamu pale Herndon, Ben Sliney, alipoamuru kila ndege iliyoko angani ishuke kwenye uwanja ulio karibu nayo. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake kukaa kwenye kiti kile.

Sasa rudia maneno ya mjomba wako: "hakuna ndege kuruka." Hakusema ndege zote zishushwe. Mtu aliyekuwa akipakia mizigo Newark alipaswa kuisikia amri ya kutoruka punde tu baada ya saa tatu, naye ndivyo anavyosema. Mdogo wako kachukua amri ya kushusha ndege za nchi nzima akaitumia kumpinga mtu anayezungumzia uwanja wake. Kwenye hili mzee ana haki, na kijana anadaiwa radhi.

Hata hiyo amri ya 3:45 yenyewe ina mzozo wa kumbukumbu. Tume iliyochunguza mashambulizi, iliyotoa ripoti yake Julai 2004, iliandika kuwa amri ilitoka Herndon kwa Sliney. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Norman Mineta, yeye amesimulia kwamba aliitoa yeye. Mimi sioni mwongo hapo. Inawezekana kabisa waziri aliamuru, ila watu wa zamu walikuwa washaanza kuzishusha, kwa kuwa kwenye kazi yetu ukisubiri waziri, ndege zinaendelea kwenda mwendo wa kilomita mia nane kwa saa. Ndege kama 4,500, kubwa na ndogo, zilitua bila ajali. Ilipofika saa sita na robo mchana, anga ya Marekani haikuwa na ndege ya abiria hata moja. Niliongoza ndege miaka ishirini na saba, na bado ukiniambia nishushe nusu tu ya hizo natokwa na jasho.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu saa ambalo wazungumzaji wa Kiswahili tu ndio hulipata. Aliyeishi ughaibuni kichwani huhesabu Kizungu, mdomoni hutamka Kiswahili, na njiani saa sita hudondoka. Halafu huku kwetu tulikuwa mbele yao kwa saa saba. Mnara wa kwanza ulipigwa huku ikiwa saa 9:46 alasiri, wa pili saa 10:03. Basi kwenye sebule yenu shangazi atasema ilikuwa saa kumi, mjomba saa tatu, na wote wawili wanaizungumzia dakika ileile.

Sasa la runinga. Hapa mjomba amekosea, na kijana yuko sahihi: hakuna kituo kilichokuwa kinaurusha mubashara mnara wa kaskazini ndege ya kwanza ilipofika. Picha maarufu ya tukio hilo ilinaswa na Mfaransa aliyekuwa barabarani akipiga filamu kuhusu wazima moto, na watu waliiona baadaye. Lakini kufikia saa 3:03 kamera zilikuwa zimeshaelekezwa kwenye moshi, na ndege ya pili ikaingia mbele ya macho ya mamilioni. Nina hakika mjomba wako aliona kitu mubashara. Alichokiona ni ndege ya pili. Baadaye picha ya kwanza ikarudiwa na kurudiwa, na kichwa kikaipa nafasi iliyo mbele, kwa sababu kichwa hupenda mambo yafuatane.

Kama mdogo wako anadhani kosa hilo ni la wapakia mizigo, mwambie habari za George W. Bush. Asubuhi ile rais alikuwa kwenye shule ya msingi Sarasota, Florida. Desemba 2001, na tena Januari 2002, alisimama mbele ya watu akasimulia kwamba kabla hajaingia darasani aliiona kwenye runinga ndege ikigonga mnara wa kwanza. Haiwezekani, kwa sababu hiyohiyo niliyoitaja. Walikuwapo waliojenga juu ya maneno yale nadharia nzima za njama. Mimi nayaona ni maneno ya mtu wa kawaida ambaye kumbukumbu yake ilishajipanga upya ndani ya miezi mitatu.

Wataalamu wa saikolojia walilichunguza hili. Tangu 1977 Roger Brown na James Kulik walikuwa wameeleza kuwa matukio ya mshtuko hubaki kichwani kama picha iliyopigwa kwa mmweko wa kamera. Septemba 12, 2001, Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke waliwahoji wanafunzi 54: jana mlisikiaje habari? Wakawauliza pia jambo lolote la kawaida la siku za karibuni. Walipowarudia baada ya wiki na miezi, masimulizi yote mawili, la mashambulizi na la kawaida, yalikuwa yameharibika kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa kwenye imani: la kawaida walisitasita nalo, la mashambulizi walikuwa tayari kuapa. Watafiti wengine waliwafuata watu zaidi ya elfu tatu wa miji saba ya Marekani kwa miaka kumi. Wakaona upotevu mwingi hutokea mwaka wa kwanza, kisha hadithi inaganda. Mtu akishaingiza kosa, hulirudia lilelile kila mwaka, neno kwa neno, na msikilizaji anadhani kule kutobadilika ndio ushahidi wa ukweli.

Mimi mwenyewe nimeumbuka. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanangu kwamba habari za Septemba 11 nilizipata nikiwa mnarani, hedifoni masikioni, mwenzangu akapanda ngazi mbio akaniambia. Naiona ile sura yake mpaka leo. Nilipostaafu nikawa napanga makaratasi, nikakuta daftari langu la zamu la mwaka ule. Septemba 11: zamu ya asubuhi, nimetoka saa nane mchana. Saa 9:46 sikuwa mnarani. Mke wangu anasema nilikuwa nyumbani nimelala, na aliyeniamsha ni yeye. Simkumbuki akiniamsha hata kidogo. Mwenzangu akipanda ngazi namwona waziwazi, na hajapanda.

Turudi kwa United 93, ambalo naona ndilo linalomuuma mjomba wako kuliko yote. Ndege ile ilisukumwa kutoka geti la 17 la jengo A saa mbili na dakika moja hivi, ikaingia foleni. Asubuhi Newark hujaa, na ilisubiri kama dakika arobaini, ikaruka saa 2:42. Kwa hiyo kuiona anaweza kabisa kuwa aliiona. Ilikuwa pale chini, kubwa, imepangwa mstari na nyingine. Lakini kuona ni kimoja na kuangalia ni kingine. Saa 2:42 zilikuwa zimebaki dakika nne kabla ya mnara wa kwanza kupigwa, na pale uwanjani hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuiangalia ndege hiyo kuliko nyingine. Hata rubani wake hakujua. Saa 3:23 mratibu wa safari wa United aliyeitwa Ed Ballinger, ambaye peke yake alikuwa na ndege 16 mkononi, alimtumia ujumbe wa maandishi: ajihadhari na mtu yeyote anayetaka kuingia chumba cha marubani, ndege mbili zimegonga World Trade Center. Saa 3:26 nahodha, Jason Dahl, akajibu akiomba athibitishiwe ujumbe huo. Saa 3:28 wakavamiwa. Ilianguka kwenye uwanda karibu na Shanksville, Pennsylvania, saa 4:03.

Kama nahodha mwenyewe, dakika arobaini na nne baada ya kuruka, bado alikuwa anauliza "hii ni kweli?", basi moyo wa mjomba haukumwambia kitu saa 2:42. Moyo ulimwambia jioni, au kesho yake, aliposikia namba ya ndege na geti lake. Akarudi kichwani kwenda kuitafuta, akaikuta imesimama kwenye foleni, na safari hii akaiangalia. Hilo si la kumcheka mtu. Kwenye kazi zetu kila mtu aliyeigusa ndege iliyokufa hufanya hivyo. Anayejaza mafuta hurudi kukagua mkono wake. Aliyefunga mlango wa mizigo hujiuliza aliufungaje. Mtu anatafuta ile dakika ambayo angeweza kufanya kitu, na asipoipata anajipa angalau moyo uliomshtua.

Mdogo wako atasema: basi tuwaache wafanyakazi, tusome rekodi. Nimeishi na rekodi maisha yangu yote, na sisi tuliofanya kazi tukirekodiwa kila neno tunajua kinasa sauti kinapata nini na kinakosa nini.

Mfano mzuri uko Nashua, New Hampshire, kwenye kituo kinachoitwa cha Boston ingawa Boston hakipo. American 11 ilijibu mara ya mwisho saa 2:13. Muda mfupi baadaye transponda yake ikazimwa. Transponda ndicho kile kifaa kinachoijibu rada jina la ndege na kimo chake. Kikizimwa, kwenye kioo inabaki nukta tu isiyo na jina. Saa 2:24 ikasikika sauti ngeni kwenye masafa. Mwongoza ndege aliyekuwa kwenye kiti aliiambia Tume kwamba alisikia kitu ambacho hakukielewa. Dakika ileile ikaja kauli ya pili, na hiyo aliielewa: ndege imetekwa. Lile neno la kwanza lilibaki kwenye kinasa sauti. Wakamtuma mtu akausikilize mkanda, na ilipokaribia saa 3:03 ndipo akarudi na jibu: yule mtu alisema tuna ndege kadhaa. Kadhaa, siyo moja. Mkanda ulikuwa nalo neno hilo kwa karibu dakika arobaini, na pale chumbani hakuna aliyelijua.

Kwenye kituo cha Indianapolis ilikuwa kinyume kidogo. Waongoza ndege wa kule waliipoteza American 77, ile iliyokuja kuigonga Pentagon, wakaamini imeanguka. Wakisimulia kwamba haikuwapo kwenye kioo wanasema kweli tupu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa nukta yake ilikuwa imenaswa, ila mfumo haukuionyesha kwenye vioo vyao kwa dakika 8 na sekunde 13. Ilipojitokeza tena ilikuwa inarudi mashariki, na wao walikuwa wanaitafuta magharibi, ilikokuwa ikielekea. Ukichukua rekodi peke yake utawaona wazembe. Ukichukua kumbukumbu yao peke yake utadhani ndege iliyeyuka. Ni lazima uziweke zote mbili mezani.

Na Betty Ong. Alikuwa mhudumu ndani ya American 11, akapiga simu saa 2:19 kutoka nyuma ya ndege kwenda ofisi ya shirika ya kupokea maombi ya safari, Cary, North Carolina. Alizungumza kama dakika ishirini na tano, kwa utulivu ambao ukiusikia unakuchoma: nani kachomwa kisu, chumba cha marubani hakijibu, hatuwezi kupumua. Mtambo wa ofisi ile ulirekodi kama dakika nne za mwanzo tu. Ndivyo ulivyotegeshwa. Yaliyobaki tunayajua kwa sababu msimamizi upande wa pili, Nydia Gonzalez, alikuwa akiyarudia kwa ofisi ya operesheni ya shirika kwenye simu nyingine, na baadaye akaja kuyaeleza mbele ya Tume. Kwa zile dakika ishirini na ushee, tulicho nacho ni sikio la mfanyakazi.

Kijana asidhani pia kwamba wakubwa wana kumbukumbu bora. Mei 2003 maofisa wa jeshi la anga waliiambia Tume kwamba walijulishwa kuhusu kutekwa kwa United 93 saa 3:16. Hebu tazama tena saa nilizokutajia: ndege ile ilivamiwa saa 3:28. Mikanda ya kikosi cha ulinzi wa anga kilichoko Rome, mji mdogo wa jimbo la New York, iliposikilizwa, simulizi lile likaporomoka. Mikanda hiyo inaonyesha kwamba saa 2:38 simu ya kwanza ilipofika kutoka Boston, askari aliuliza kama ni kweli au ni mazoezi, kwa kuwa kweli walikuwa na mazoezi siku hiyo. Inaonyesha pia kwamba saa 3:21 waliambiwa American 11 bado iko angani ikielekea Washington, ilhali ilikuwa imekwishaugonga mnara dakika thelathini na tano nyuma. Ndege za kivita zilizorushwa kutoka kambi ya jeshi ya Langley, Virginia, zilirushwa kuikimbiza ndege ambayo haikuwapo tena. Kwenye ushahidi wa 2003 jambo hilo halikutajwa kabisa. Mjomba kukosea ndege ipi aliiona kwenye runinga ni kosa la sebuleni. Hili lilikuwa ni kosa la watu wenye nyota mabegani, lenye ratiba ya saa iliyopangwa vizuri, na kuna wajumbe wa Tume waliojiuliza kama ni kusahau tu.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote kilitokea Ronkonkoma, Long Island, kwenye kile kituo cha New York. Siku ileile, kabla ya saa sita mchana, meneja aliwakusanya waongoza ndege waliohusika na zile ndege, angalau sita, akawarekodi kwenye kaseti mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akieleza alichokiona na alichokifanya. Karibu saa nzima ya sauti. Hawajalala, hawajatazama runinga usiku kucha. Anayejua utafiti wa kumbukumbu atakwambia hiyo ni dhahabu. Miezi michache baadaye, kati ya Desemba 2001 na Februari 2002, meneja mwingine wa kituo hicho aliiponda kaseti kwa mkono, akaukata mkanda vipande vidogovidogo, akavitupa kwenye mapipa tofauti ya taka ndani ya jengo. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza tena wala kuiandika. Mkaguzi mkuu wa wizara ya uchukuzi alilieleza jambo hili kwenye ripoti ya 2004. Yule meneja alisema utaratibu ulitaka maelezo ya maandishi, na kwamba waongoza ndege siku ile hawakuwa katika hali ya kukubali kurekodiwa.

Sehemu yangu moja inamwelewa. Chama cha wafanyakazi kiliahidiwa kwamba mkanda ungekuwa wa muda tu, na mwongoza ndege aliyetoka kupoteza ndege ana haki ya kukaa kimya mpaka apumue. Nimewahi kuwa upande huo. Tairi ya ndege ndogo ilipasuka ikitua kwenye zamu yangu, ikatoka nje ya njia, hakuna aliyeumia. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nilimpa rubani hali ya upepo kabla hajatua. Mkanda ukasema nilimpa alipokuwa ameshagusa ardhi. Sikudanganya, na hakuna aliyeniamini. Lakini vipande vya mkanda kwenye mapipa mbalimbali, hapana. Kaa kimya, ukipenda, usikate.

Sasa mjomba wako. Kosa ni kwamba miaka yote hii mmemwuliza maswali mabaya, na waandishi wa habari ndio waliotufundisha: ulijisikiaje? Wale watafiti wa miji saba waligundua jambo ambalo lilinishangaza: kinachoharibika zaidi kwenye kumbukumbu ya Septemba 11 ni hisia. Mtu husema alivyojisikia kwa kutazama anavyojisikia leo. Kinachosalia vizuri zaidi ni alikuwa wapi, alikuwa na nani, na alikuwa anafanya nini. Ndiyo maana maelezo ya tukio kazini kwetu hayakuwa na nafasi ya moyo. Yalikuwa na nafasi ya saa, mahali, na vitendo, na uliyaandika kabla hujanywa chai na mwenzako.

Basi nenda kwake bila simu na bila mdogo wako, angalau mara ya kwanza. Mwambie kuwa lile la saa tatu alikuwa sahihi, na kwamba kuna mzee wa mnarani aliyesema hivyo. Usimwondolee United 93. Mwulize tu alikuwa akifanya kazi jengo gani, A, B au C, na mwache akueleze mwenyewe alikuwa amesimama wapi na kutoka pale foleni ya ndege ilionekanaje. Mwulize kama aliuona moshi wa Manhattan kwa macho, kwa kuwa kutoka Newark minara ilionekana, na waongoza ndege wa mnara wa uwanja ule waliishuhudia ndege ya pili ikiingia. Huenda na yeye anayo picha hiyo, na runinga imekuja kuikalia juu.

Kisha mwulize habari za mizigo. Saa 3:05 ndege zimezuiwa, baadhi zimeshapakiwa nusu, mikokoteni imejaa masanduku ya watu wanaokwenda Los Angeles, Chicago, Orlando, na muda mfupi baadaye ndege zisizotarajiwa zinashuka kutoka angani na mizigo yake. Anga ilibaki imefungwa kwa ndege za abiria karibu siku mbili. Nimesoma rekodi nyingi za siku ile, za rada, za simu, za wanajeshi na mawaziri. Kuhusu masanduku yale, nani aliyashusha, wapi yalirundikwa, nani alikuwa anayalinda usiku, sijakutana na maelezo ya mtu aliyeyabeba. Akikujibu, niandikie.